Daktari Hahami Peke Yake

Mke wa askari hahitaji kuelezwa maana ya barua ya uhamisho. Huitambua kabla haijafunguliwa, kwa jinsi mume anavyoingia mlangoni, akavua kofia na kukaa kimya. Siku hiyo hiyo huanza hesabu za nyumba: vyombo vipi vifungwe na vipi aachiwe jirani, mtoto yupi yumo katika mwaka wa mtihani, na huko tuendako, je, kuna shule, kuna soko, kuna maji, kuna mahali pa kumpeleka mtoto akishikwa na homa usiku? Mimi nimehama mara nne nikiwa mke wa polisi. Uhamisho wa mwisho, wa mwaka 2016, ulinileta Rumonge. Hapa ndipo nilipoanza kufikiri kwamba uzoefu wetu huu wa kufunga na kufungua mizigo waweza kuwa na manufaa katika jambo moja linaloisumbua pwani hii, nalo ni namna ya kumpata daktari na, zaidi ya kumpata, namna ya kukaa naye.

Kwa wasioufahamu mji huu, Rumonge iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Nyuma yake ni milima, mbele yake ni maji, na katikati ni ukanda mwembamba wa ardhi uliojaa michikichi. Mawese ya Rumonge yanajulikana Burundi nzima, na samaki wake hali kadhalika: mukeke, sangala, na ndagala wanaoanikwa ufukweni tangu alfajiri. Kiswahili husikika sokoni na bandarini sambamba na Kirundi, wala mtu hashangai mazungumzo yakianza kwa lugha moja na kumalizikia kwa nyingine.

Ni mji unaokua, na haukui kwa uzazi peke yake. Mwaka 1972 pwani hii ilipatwa na mauaji na machafuko, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Tangu miaka ya 2000 wao na watoto wao wamekuwa wakirejea, wengine wakiwa wamezaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo na hawakuwahi kuliona ziwa kutoka upande huu. Januari 2018 maelfu ya ndugu zetu wa Kongo walivuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbia mapigano ya Fizi, na baadhi yao walitua ufukweni kwetu. Mwaka 2015 Rumonge ilifanywa kuwa mkoa, ikajaa ofisi, na ofisi zikaleta wafanyakazi na familia zao. Katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025 nchi ikawa na mikoa mitano, na Rumonge ikarudi kuwa tarafa, sasa ndani ya mkoa wa Burunga. Mkoa umeondoka, lakini watu hawakuondoka nao.

Hospitali ipo, na vituo vya afya vipo mjini na vijijini. Tangu Mei 2006 serikali ilipotangaza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure na akina mama wajifungue bure, mlango wa matibabu umekuwa mpana kuliko zamani. Kwa kawaida anayekupokea kituoni ni muuguzi, na nawaheshimu sana wauguzi wetu, kwani ndio wanaoibeba kazi hii mchana na usiku. Lakini yako mambo ambayo muuguzi mwenyewe atakwambia kwamba yanamshinda, na hapo ndipo daktari hutafutwa.

Niseme kwanza daktari ninayemzungumzia ni wa namna gani. Kwa Kirundi twasema umuganga, na neno hilo humchukua daktari na muuguzi kwa pamoja. Ndugu zetu wa Tanzania wakisikia mganga humfikiria kwanza mtu wa mitishamba, ingawa serikali yao nayo ina Mganga Mkuu. Mimi simtafuti bingwa wa moyo wala wa macho. Namtafuta yule ambaye nchi nyingine humwita daktari wa familia: mtu anayemtibu bibi, mama na mjukuu wa nyumba moja, anayejua kwamba homa ya mtoto huyu ilianza walipohamia karibu na kinamasi, na kwamba baba mwenye nyumba anaficha kikohozi chake kwa sababu hataki kuacha kazi ya uvuvi. Huyo hujifunza watu polepole, kama tunavyojifunza jikoni mwa mkwe. Akiondoka baada ya miezi minane, elimu hiyo yote huondoka naye.

Nina jirani, mama mtu mzima, mchuuzi wa ndagala. Ana shinikizo la damu la miaka mingi. Katika muda wa miaka mitatu alionwa na madaktari wanne katika hospitali moja ya pwani hii. Wa kwanza alimpa vidonge vya asubuhi. Wa pili alivibadilisha, pengine kwa sababu njema, pengine kwa sababu vile vya kwanza havikupatikana dukani. Wa tatu alianza upya kumuuliza yote tangu utoto wake, kwa kuwa daftari lake lilikuwa limelowa maji ziwa lilipofurika. Wa nne alikuwa kijana mpole, akamwambia apunguze chumvi, naye akarudi nyumbani akicheka: mtu anayeshinda kutwa akiwatia samaki chumvi aambiwe apunguze chumvi! Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea. Ila kila mmoja alikuwa mgeni, na mgonjwa akachoka kujitambulisha. Aliacha vidonge bila kumwambia mtu. Asubuhi moja ya mwaka jana, akiwa ufukweni, upande wake wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukapinda. Yu hai, namshukuru Mungu, na anatembea kwa fimbo. Biashara yake anaiendesha binti yake, ambaye kwa ajili hiyo ameacha shule.

Huwa namfikiria binti huyo kila ninaposikia watu wakisema kwamba madamu kuna daktari, yeyote awe, yatosha. Wataalamu wa Norway wameupima ukweli huu. Katika nchi hiyo, tangu mwaka 2001, kila mkazi ana haki ya kuandikishwa kwa daktari wake mmoja. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya uchunguzi wao: waliokaa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja tu, uwezekano wao wa kulazwa hospitalini bila kutarajiwa ulikuwa chini kwa asilimia 28 hivi, na wa kufariki ulikuwa chini kwa asilimia 25. Norway ni nchi tajiri, wala sisi hatulingani nayo. Hata hivyo kufahamiana hakuuzwi dukani, na tungeweza kuwa nako sisi pia, iwapo daktari angekaa.

Kwetu hapa haja hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu ziwa lina tabia zake. Mwaka 1992 kipindupindu kiliushika mji wa Rumonge, na kati ya tarehe 9 Aprili na 31 Mei watu 318 walilazwa. Wachunguzi walipouliza nyumba hadi nyumba, waligundua kwamba chanzo ni maji ya ziwa lenyewe, kwa kuyanywa na hata kwa kuyaoga. Ugonjwa huo ulikuwa umeifikia pwani hii kwa mara ya kwanza mwaka 1978, na umerudi mara nyingi baadaye. Iko pia kichocho, iko malaria. Daktari aliyeyaona masika matatu hapa huanza kuulizia maji ya kisima kabla mgonjwa wa kwanza hajafikishwa kwake. Aliyefika juzi hujifunza kwa wagonjwa.

Sasa kwa nini hawakai? Miaka hii madaktari vijana wengi wameihama nchi yetu kwenda kutafuta mishahara mingine, na hilo siwezi kulitengeneza mimi wala kikundi chetu cha akiba. Nazungumza juu ya wale waliobaki nchini, wakaletwa pwani, kisha wakaondoka. Nimewafahamu watatu kwa karibu, na nimeagana nao wote watatu.

Wa kwanza alikuwa na mke anayefanya kazi ya benki Bujumbura. Kila Ijumaa jioni alipanda gari kwenda kwake na Jumatatu akarudi, akiwa amechoka kabla ya wiki kuanza. Barabara ya kando ya ziwa mnaijua. Mwaka 2015 mlima uliporomoka upande wa Muhuta ukaifunga, na hata baadaye matope na mawe hayajaiachia. Petroli ilipoanza kuadimika, safari ya wiki ikawa ya wiki mbili, kisha ya mwezi. Mtoto wake alianza kumwita mjomba. Alinieleza jambo hilo akicheka, lakini macho yake hayakucheka. Miezi minne baadaye alipata nafasi mjini.

Wa pili alikuwa kijana asiyeoa. Alipewa chumba kimoja nyuma ya jengo la hospitali, na watu wakajua analala wapi. Mwenye jino alibisha mlango, mwenye mafua alibisha mlango, na mwenye kesi ya kiwanja alibisha akitaka cheti cha kupigwa. Hakuna daktari mwenzake aliyekuwa karibu wa kumuuliza, "Hili nimelifanya vizuri?" Usiku mmoja alimfanyia mama upasuaji wa kujifungua huku umeme ukikatika na kurudi, na mama na mtoto wakapona wote wawili. Asubuhi hakuna aliyemwambia hata ahsante, si kwa ubaya, ila kila mtu alidhani mwenzake amekwisha kumshukuru. Aliondoka kwenda masomoni, na nasikia yuko ng'ambo.

Wa tatu alikuwa mwanamke, na huyu ndiye aliyeniuma zaidi. Alikaa karibu miaka miwili. Yule jirani yangu mchuuzi alikuwa ameanza kumzoea. Alikuwa akimwita "mwanangu" na kumpelekea mukeke wa kuchoma siku za Jumapili. Mume wa daktari huyu ni mwanajeshi. Alihamishiwa kikosi cha mkoa mwingine, mbali na ziwa, na mke akamfuata na watoto, kama nilivyomfuata wangu, kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlivyowafuata wenu. Aliyeiandika barua ile alimhamisha askari mmoja, na hakuwa na njia ya kujua kwamba amewahamisha pia wagonjwa wa shinikizo la damu na wa kisukari waliokuwa wamekwisha kujifunza kumwamini mtu. Sitaki kumlaumu. Nasema tu kwamba katika fomu zetu kuna mahali pa kuandika idadi ya watoto, wala sijaona mahali pa kuandika kwamba mke wa huyu ndiye daktari wa mji.

Mtu akiyatazama haya matatu ataona kwamba hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu ya mshahara peke yake. Si kwamba fedha hazina neno. Serikali yetu imejaribu njia ya fedha: tangu mwaka 2010, nchini kote, hospitali na vituo hulipwa kwa kadiri ya kazi iliyofanywa na ubora wake, na sehemu ya fedha hizo huwafikia watumishi kama nyongeza. Imesaidia. Lakini nyongeza haimfanyi mtoto aache kumwita babaye mjomba.

Majirani zetu wa Zambia, ambao nao wanachangia ziwa hili upande wa Mpulungu, walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 2003 walianza mpango wa kuwapeleka madaktari vijijini kwa mkataba wa miaka mitatu. Waliwapa posho ya ziada, kubwa zaidi kadiri wilaya ilivyo mbali. Lakini pia waliweka fedha za kutengeneza nyumba ya daktari na fedha za kusomesha watoto wake. Aliyeandika mkataba huo bila shaka alikuwa na mke nyumbani wa kumuuliza.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, nchi ambayo tangu mwaka 1984 imemweka daktari wa familia katika mtaa ule ule wa wagonjwa wake, mara nyingi chumba cha matibabu kikiwa chini na makazi yake juu. Walisambazwa hadi wilaya za mbali. Mwezi Aprili 2019 wawili wao walitekwa na al-Shabaab huko Mandera wakiwa njiani kwenda kazini, na polisi mmoja aliyekuwa akiwalinda akauawa. Wake wa polisi watanielewa nikisema kwamba habari ile sikuisoma kama habari ya madaktari peke yao. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mpango umekwisha. Walitibu watu, na hilo si dogo. Lakini aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili, akiacha mkewe Havana, ameondoka siku aliyofika.

Mfano ulionifundisha zaidi hauko mbali nasi hata kidogo. Uko Kigutu, katika milima ya Bururi inayolitazama ziwa letu hili. Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa udaktari hapa Burundi vita vilipozuka Oktoba 1993. Alikimbia kwa miguu, na mwaka 1994 akafika New York akiwa na dola 200 mfukoni. Alilala katika bustani ya Central Park, akasukuma mikokoteni ya duka, hatimaye akasoma Chuo Kikuu cha Columbia. Mwandishi wa Marekani, Tracy Kidder, aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2009. Kilichonivuta mimi ni alichokifanya aliporejea.

Alitaka kujenga zahanati Kigutu, mahali ambapo gari halikuweza kufika. Kampuni moja ya ujenzi ilidai dola zisizopungua 50,000 kwa kutengeneza njia ya kilomita 6. Fedha hizo hazikuwako. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema kwamba barabara hiyo wataichimba wenyewe. Kwamba wao ni maskini na wagonjwa, lakini si wavivu. Wakaja na majembe na sururu, wakaichimba. Ardhi ya zahanati waliitoa wao. Mwezi Desemba 2007 milango ilifunguliwa, chini ya shirika linaloitwa Village Health Works.

Wengi huisimulia habari ya barabara na kuishia hapo. Mimi husimama zaidi kwenye jambo lililofuata: walijenga nyumba za watumishi. Hawakusema kwamba daktari atajitafutia. Mbunifu wa majengo wa New York, Louise Braverman, aliwachorea makazi yaliyoegemea mlima, yenye umeme wa jua. Daktari na muuguzi wanaoishi pale wana jirani wa kazi hiyo hiyo, wana taa, wana mahali pa kukaa jioni wakazungumza. Ukiangalia vizuri, Kigutu walimjengea daktari kambi, na sisi tuliozoea maisha ya kambi twajua faida yake: mume akiwa zamu, au alipokuwa Somalia, yuko mtu ukutani wa kumgongea.

Kwa hiyo mwaka juzi, tulipoambiwa kwamba daktari mwingine anakuja, wanawake wa kikundi chetu cha akiba hatukungoja. Kikundi chetu kina wake wa polisi, wake wa wanajeshi, wachuuzi wawili wa mawese na mwalimu mmoja mstaafu. Tulikwenda kwa kamati ya afya tukauliza swali ambalo, walituambia, hakuna aliyewahi kuwauliza: daktari huyu ana mke, na mke huyo anafanya kazi gani?

Kamati walicheka kwanza. Kisha wakatafuta jibu. Ana mke, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari Bujumbura, na watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mmoja anyonyaye. Basi tukajua kwamba chumba kimoja hakitafaa. Mzee mmoja aliyerejea kutoka Tanzania, mwenye nyumba ya vyumba vitatu mbali kidogo na maji, alikubali kuipangisha kwa bei isiyo ya kumkomoa mtu. Nasema mbali na maji kwa makusudi, kwa sababu ziwa lilivyopanda miaka hii, hasa mwaka 2024, nyumba nyingi za ufukweni zimeingiliwa, na hatukutaka mgeni wetu apate daftari la kulowa yeye pia. Wanaume walitengeneza paa. Sisi tulisafisha kisima na kupaka chokaa.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kuliko paa, nalo lilikuwa mlango. Tulikubaliana, na abaremeshakiyago, wale wahudumu wa afya wa vijijini, wakalitangaza kila mtaa, kwamba nyumbani kwa daktari hakubishwi hodi ya ugonjwa. Mgonjwa wa usiku apelekwe hospitalini. Muuguzi wa zamu ndiye atakayeamua kama daktari aitwe. Palikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja aliuliza daktari gani huyu anayejificha. Akajibiwa na mkewe mwenyewe, mbele za watu, kwamba hata yeye, mzee, akirudi kutoka ziwani hataki kuulizwa bei ya nyavu. Tangu siku hiyo maneno yamepungua.

Daktari amekaa mwaka na miezi minne. Jirani yangu mwenye fimbo humwona kila mwezi, na mara hii hakuna aliyemuuliza habari za utoto wake mara mbili. Kidonge ni kile kile. Mwezi uliopita daktari alimwita binti yake kando akamuuliza kuhusu shule. Sijui walizungumza nini zaidi, ila binti ameonekana na vitabu tena saa za jioni.

Nimewasikia watu wakisema suluhisho ni kuwasomesha watoto wetu wenyewe udaktari. Nakubali kabisa. Norway niliyoitaja ina chuo cha udaktari Tromsø, kaskazini kwenye baridi kali, kilichoanzishwa makusudi kwa sababu madaktari wa kusini hawakutaka kwenda huko. Kati ya waliohitimu hapo kuanzia mwaka 1979 hadi 1988, zaidi ya nusu walibaki kufanya kazi kaskazini, na kwa wale waliokulia huko huko hesabu ilikuwa 82 katika kila 100. Mtoto wa Gatete au Minago aliyezoea harufu ya mawese hataiona Rumonge kuwa adhabu. Lakini mtoto aliye darasa la sita leo atakuwa daktari baada ya miaka mingi, ilhali wagonjwa wetu wanaugua sasa.

Na sasa kuna jambo moja ambalo halijatengenezwa. Mke wa daktari bado yuko Bujumbura. Ameomba uhamisho wa kumfuata mumewe, jambo ambalo walimu wanaruhusiwa kuliomba, na amejibiwa kwamba hapo anapofundisha hawezi kuachiwa mpaka apatikane mwalimu wa kushika nafasi yake. Mumewe amekwisha kuanza safari za Ijumaa jioni. Nilimwona wiki iliyopita kituo cha magari, na begi lake, saa kumi na moja, akiwa amesimama vile vile alivyokuwa akisimama yule wa kwanza. Mke ametuambia waziwazi kwamba shule zikifunguliwa mwezi Septemba bila jibu, mumewe ndiye atakayerudi.

Kinachotakiwa ni mtu wa kubadilishana naye. Awe mwalimu wa hisabati wa sekondari, anayefundisha Rumonge au karibu na hapa, mwenye sababu yake ya kutaka kwenda Bujumbura. Mahali pa kwanza tulipofikiria ni katika nyumba zenu ninyi: pengine yuko mwalimu ambaye mumewe ni askari katika kambi za Bujumbura, naye ameachwa huku na watoto akingoja barua. Kama yuko, au kama mnamfahamu, mwelekezeni soko la samaki la Rumonge, asubuhi kabla ya saa tatu. Amwulize mchuuzi yeyote wa ndagala habari za mke wa daktari, ataletwa hadi mlangoni kwetu.